Barua za Orrin

Barua zilikoma Jumanne, tarehe ishirini na moja Oktoba.

Jumatatu zilikuja kumi na moja. Ardis Tollerud alizihesabu mezani kama alivyozihesabu kila siku tangu msimu wa wazee kubadili bima ya afya ulipoanza katikati ya Oktoba. Nne zilikuwa na jina lake. Saba zilikuwa na jina la mumewe, Orrin, aliyefariki Februari. Jumanne akavaa koti, akashuka njia ya kokoto hadi kwenye sanduku la barua kando ya barabara, akafungua kifuniko. Hakukuwa na kitu.

Jumatano hakukuwa na kitu. Alhamisi pia. Na simu ya ukutani, ambayo ilikuwa ikilia tangu kifungua kinywa hadi chakula cha jioni, ikanyamaza wiki hiyo hiyo.

Ijumaa aliwasha gari, akaenda kituo cha polisi cha wilaya, akasema ameibiwa.

Sajini wa zamu alisikiliza, akakuna shavu.

"Umeibiwa barua za matangazo ya bima, bibi?"

"Ndiyo."

"Nikimpata mwizi nitampa anwani ya mama yangu."

Ardis hakucheka. Alikaa kwenye benchi na mkoba wake magotini, akakaa mpaka Inspekta Jolene Sorlien alipotoka ofisini kutafuta kahawa na kumkuta pale.

Jolene alikuwa mzaliwa wa Nordby. Alipokuwa darasa la tatu, Ardis ndiye aliyekuwa akiendesha basi la shule. Mtu aliyewahi kukusubiri kwenye theluji ili usikose shule, humwachi kwenye benchi.

"Twende nyumbani kwako, bibi," alisema. "Nikalione hilo sanduku."

*

Sanduku lilikuwa la bati, kwenye nguzo ya mbao, halina kufuli. Hakuna sanduku lenye kufuli katika barabara ile. Jolene alivaa glavu, akapaka unga mweusi kwa brashi laini kwenye kifuniko. Alama za vidole zikatokea, nyingi, zimepandana. Akazinasa kwa utepe, moja moja.

Kisha wakaingia jikoni. Ardis akamwaga kahawa bila kuuliza, akaweka sahani ya biskuti.

"Nani mwingine hufungua sanduku lako?"

"Duane, tarishi. Na mimi."

"Ndugu?"

"Ninaye wifi yangu, Verna. Anakaa maili moja kutoka hapa. Ana sanduku lake na takataka zake."

"Kuna barua ya maana uliyokuwa ukiisubiri? Hundi? Majibu ya hospitali?"

"Hapana. Hizo zimefika. Niliziona Jumatatu."

Jolene akaweka kalamu chini. "Sasa bibi, nisaidie. Watu wa huku wanalia kwa sababu barua hizi haziishi. Wewe unalia kwa sababu zimeisha."

Ardis aliisogeza sahani ya biskuti kidogo, kisha akairudisha ilipokuwa.

"Benki wamelifuta jina lake," alisema. "Kanisani wameliondoa kwenye orodha ya zamu ya kufagia theluji. Ghala la nafaka wameandika jina langu. Hata daktari wa meno. Mahali pekee palipobaki ni kwenye hizo bahasha. 'Mpendwa Orrin,' wanaandika. Najua ni mashine. Lakini nilikuwa nazipata saba kwa siku. Nazitaka."

Jolene alifunga daftari. Baadaye aliinuka, akaitazama simu ya ukutani. Ilikuwa na kioo kidogo na vitufe pembeni. Alibonyeza kimoja kwa ncha ya kalamu, kisha kingine. Maandishi yakatokea: simu zote za namba ngeni zimezuiwa.

"Uliweka hii wewe?"

"Hata sijui kama ipo."

Ilikuwa imewekwa Jumatatu, tarehe ishirini, saa tisa alasiri.

Jolene alivaa glavu tena, akafungua unga wake mweusi. Mwizi wa barua hakuishia barabarani. Aliingia ndani, akasimama jikoni, akaushika ukuta huu.

*

Jolene alimkuta Duane Pribyl ameegesha gari la posta karibu na kanisa, anakula mkate wenye soseji juu ya usukani.

"Jumanne ile, uliweka barua kwa Tollerud?"

"Kumi na mbili. Na gazeti la mbegu."

"Una hakika?"

"Afande, katika msimu huu mgongo wangu unajua uzito wa kila sanduku. Niliweka."

"Hazikufika."

Duane aliacha kutafuna. "Unanishuku mimi?"

"Nakuuliza."

"Nimeibeba mizigo hii miaka ishirini na sita. Kila Oktoba namwomba Mungu mtu aiibe. Kisha niibe mimi, niibebe tena?" Akafuta haradali kidevuni. "Nakwambia kitu kimoja. Yeyote aliyezichukua anajua saa yangu. Mimi hupita pale saa nne na robo. Ardis hushuka saa tano, baada ya habari za redioni. Kuna dakika arobaini na tano katikati. Mgeni hajui hilo."

"Nani anajua?"

"Barabara nzima, afande. Huku kwetu tunajua hata mbwa wa nani anaota nini."

Maabara ya wilaya ilirudisha majibu Jumatano. Alama za watu watatu zilikuwa kwenye sanduku: Ardis, Duane, na mtu wa tatu ambaye hakuwa kwenye kumbukumbu za polisi. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa na kovu lililokatiza michirizi kama ufa kwenye sahani. Alama hiyo hiyo ilikuwa kwenye kitufe cha simu.

Bosi wa Jolene aliisoma ripoti akiwa amesimama. "Sorlien, kuiba barua ni kosa chini ya sheria ya serikali kuu, hata kama barua ni takataka. Ukimpata, si wewe utakayeamua. Watakuja wakubwa wa posta kutoka mjini, na hawatamsamehe kwa sababu ni jirani. Una hakika unataka kumpata?"

"Bibi anataka barua zake, mkuu."

"Basi mpate. Lakini usiniambie nisichotaka kujua."

*

Jumamosi ya kwanza ya Novemba wanawake wa kanisa la Kilutheri walifanya mnada wa mwaka kwenye chumba cha chini. Kulikuwa na mablanketi ya viraka, soksi za sufu, chapati za viazi zilizokunjwa kwa siagi na sukari. Jolene alikwenda kwa sababu mama yake alimtuma jemu.

Meza ya jemu ilikuwa karibu na ngazi. Kila chupa ilifungwa uzi mwekundu na lebo ya karatasi ngumu iliyoandikwa kwa mkono: Tufaha. Zabibu pori. Plamu.

Karatasi ya lebo ya plamu ilikuwa nzuri mno. Nene, nyeupe, yenye mng'ao. Jolene aliigeuza.

Nyuma yake kulikuwa na nusu ya uso wa mzee anayecheka na meno yote, na maneno yaliyokatwa kwa mkasi: *usikose nafasi yako ya*. Chini, kwa herufi ndogo, ARDIS M. TOLL. Pembeni mhuri wa tarehe ishirini na nne Oktoba.

Siku tatu baada ya sanduku kuwa tupu.

Alisimama pale, chupa mkononi, akataka kucheka na hakucheka. Mwizi wa mjini angechoma karatasi. Angezitupa mtoni. Lakini huku, mtu aliyelelewa na wazazi wa miaka ya njaa hawezi kutupa karatasi ambayo upande mmoja bado ni mweupe. Anaweza kuvunja sheria ya nchi. Kutupa karatasi nzuri, hawezi.

"Nani ametengeneza plamu?" aliuliza.

Mwanamke wa meza alimtazama kana kwamba ameuliza jua hutokea wapi. "Verna, nani mwingine? Wewe mtoto umekaa mjini muda gani?"

Jolene alinunua chupa mbili. Moja alimpelekea mama yake. Nyingine aliipaka unga mweusi juu ya boneti ya gari. Kwenye kioo cha chupa, wazi kabisa, kulikuwa na kidole gumba chenye ufa.

*

Verna Tollerud alikuwa na miaka themanini na moja, dada mkubwa wa Orrin, hajawahi kuolewa. Alifungua mlango kabla Jolene hajagonga.

"Nimekuona kanisani ukigeuza lebo," alisema. "Nikajua nimekwisha. Ingia, vua viatu."

"Kidole gumba kilipatwa na nini, bibi?"

"Kopo la maharage. Mwaka sitini na mbili."

"Ulichukua barua za Ardis?"

"Nilichukua."

"Uliingia kwake ukazuia simu?"

"Sikuingia. Nilialikwa kahawa. Alikwenda kuleta maziwa, nikabonyeza. Mpwa wangu alinifundisha kwenye ya kwangu." Alikaa. Mikono yake ilikuwa mikubwa, ya mtu aliyekamua ng'ombe. "Niandikie vizuri kwamba sikuvunja mlango."

"Kwa nini, bibi?"

Verna alifuta meza kwa kiganja.

"Septemba nilikuwa kwake. Simu ikalia. Muuzaji wa bima. Akamtaka Orrin. Unajua Ardis alisema nini? 'Yuko ghalani, subiri nimwite.' Akaiweka simu mezani. Akarudi kuosha vyombo. Mimi nimekaa pale na kikombe, mdogo wangu yuko kaburini miezi saba, na mkewe anasema yuko ghalani." Alitikisa kichwa. "Nikasema, basi. Akili inamtoka. Kesho atawasomea namba ya kadi yake ya bima, watamhamisha kwenye bima asiyoijua, watamwondolea daktari wake wa moyo. Ilitokea kwa mama wa akina Lund. Alisema 'ndiyo' mara moja tu kwenye simu."

"Ukafanya nini?"

"Nikafanya kama inavyotakiwa. Nimeandikisha namba yake kwenye orodha ya serikali ya watu wasiopigiwa na wauzaji. Nimeandika barua kwa wale wanaotunza orodha za matangazo, kwamba Orrin amefariki, walifute jina lake. Nimetuma na nakala ya cheti cha kifo. Wakajibu itachukua miezi mitatu. Msimu wa bima unaisha tarehe saba Desemba. Miezi mitatu ni ya nini? Kwa hiyo kazi ya miezi hiyo mitatu nikaifanya kwa mkono."

"Hukumuuliza Ardis?"

"Nimuulize nini?"

"Kama anaumwa. Kama analala. Kama anajua Orrin amekufa."

Verna alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Sisi? Tuulizane hayo?"

Jolene aliitikia kwa kichwa. Naye alikuwa wa huku. Alijua mtu wa barabara hii atakufagilia theluji miaka ishirini na asikuulize hata siku moja umeamkaje.

"Za Ardis umekata lebo," alisema. "Za Orrin ziko wapi?"

Verna aliegemea meza. Aliinuka, akafungua droo ya chini ya kabati la vyombo, ile inayotunza vitambaa vya meza vya Krismasi. Bahasha zilikuwa zimepangwa kwa tarehe, zimefungwa kwa uzi mwekundu, wala hakuna iliyofunguliwa. Zilikuwa sabini na saba.

"Nilitaka kuzikata," alisema. "Mkasi nilishika. Sikuweza kukata jina lake." Akaufunga uzi upya. "Niliona yeye anaumwa. Na mimi nikawa nakwenda kila siku saa nne na nusu kusoma jina la mdogo wangu barabarani."

*

Ardis aliwaona wakishuka garini, Verna na kikapu cha bahasha mikononi. Alifungua mlango na kusimama hapo hapo.

"Ni wewe."

"Ni mimi, wifi."

"Mwizi ni wewe, na jemu yako ya plamu."

"Nilidhani umerukwa na akili. Ulisema yuko ghalani."

Ardis aliushika mlango. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Jolene akasogea amshike, akidhani analia.

"Verna, wewe mjinga," alisema Ardis, na alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Mimi ndiye niliyemfumba macho kwa mkono huu. Unadhani sijui alipo? Ukiwaambia amekufa, wanasema pole, halafu wanakuuliza wewe umezaliwa lini. Kwa hiyo nawaambia yuko ghalani. Wanangoja. Kijana mmoja alingoja dakika kumi na nne! Nikamaliza vyombo, nikakunja nguo, bado yupo."

"Dakika kumi na nne?"

"Na Orrin angependa hivyo. Alipokuwa hai aliwangojesha hivyo hivyo, kweli akiwa ghalani."

Verna aliketi kwenye ngazi. Kicheko kilimpata taratibu, kikambana mbavu. Ardis akaketi kando yake, kikapu kati yao, na baridi yote ile.

"Kumi na nne," Verna alisema tena, akifuta macho.

"Na ukabeba barua, na ukazuia simu, na ukaja hapa kunywa kahawa yangu. Mimi hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

"Basi uniulize sasa."

Verna alifuta pua. Kisha, kwa taabu, kama mtu anayesukuma mlango ulioganda: "Unalala, wifi?"

"Silali," alisema Ardis. "Na wewe?"

"Silali."

Jolene aligeuka akaitazama barabara mpaka walipotulia. Kisha akatoa daftari, kwa sababu kazi ni kazi.

"Bibi Ardis, ni lazima nikuulize. Barua zimechukuliwa kwenye sanduku lako bila idhini yako. Unataka nifungue kesi?"

"Nani amesema bila idhini?" Ardis alijifuta uso kwa aproni. "Nilimtuma wifi yangu anichukulie barua. Watu wote wa huku huchukuliana barua."

"Ulimtuma lini?"

"Jumanne tarehe ishirini na moja, asubuhi. Nikasahau. Mimi ni mzee, akili inanitoka, muulize huyu."

Verna alifungua mdomo. Ardis akampiga kiwiko.

Jolene aliandika kama alivyoambiwa, neno kwa neno, akampa Ardis atie sahihi.

"Na simu?" aliuliza. "Niiondoe ile kinga?"

Ardis alifikiri. "Iache. Nimechoka kuosha vyombo wakinisikiliza." Akaziinua bahasha, akazigawa katikati kwa uzito, kama mtu anayegawa unga. Nusu akamwekea Verna magotini. "Alikuwa wako kabla hajawa wangu."

*

Bima ya Ardis haikubadilika, na daktari wa moyo ni yule yule.

Kulifuta jina kwenye orodha kulichukua zaidi ya miezi mitatu waliyoiandika. Desemba zilikuja barua ishirini za Orrin, Januari sita, Februari mbili. Machi haikuja hata moja. Saa tano Ardis hushuka njia ya kokoto, na Verna huwa ameshaegesha gari kando ya sanduku, injini inawaka, akimsubiri waende kula.