Wimbo wa Arobaini na Mbili

Mafundi wanne wa ghorofa ya kutengeneza simu walikuwa wameshamcheka mshonaji mmoja aliyevaa gauni la kijani, sindano mbili kazichomeka kwenye kola, alipofika kibanda cha fundi wa tano. Aliweka mezani MP3 ya kusikilizia nyimbo, ndogo kama kiberiti, isiyo na hata kioo, betri imekufa.

"Usiniambie ninunue simu."

"Sijafungua mdomo, dada."

"Macho yako yamenena."

Fundi alicheka. Kabatini mwake zilijipanga zile za kwanza, zilizobeba nyimbo ishirini tu, kisha zenye diski tumboni, kisha zenye kioo cha rangi, mpaka simu ilipozimeza zote. Alizipenda hasa zilizosahauliwa. Siku ile alimpenda na mwenye moja.

Betri ilichukua siku tatu kupatikana. Zilipigwa simu kumi na moja, na mbili tu zilihusu betri.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Ameanza kula. Ila anamuulizia mwenyewe, kama mimi."

"Una maneno wewe."

Siku ya nne mshonaji alikuja amejitia manukato. Akavaa spika za masikioni, akabonyeza, na uso ukambadilika.

"Umezifanya nini nyimbo zangu?"

"Nimezipanga kwa alfabeti. Zilikuwa shaghalabaghala."

"Alizipanga marehemu dada yangu. Za haraka za mishono mirefu, za polepole za kupinda kwa mkono. Tumeshona hivyo miaka sita mpaka nikamzika. Mpangilio huo ndio alioniachia."

Akaondoka, na simu hakupokea tena. Majuto ni mjukuu: fundi mwenye uzoefu wa miaka kumi hakuweka nakala. Alizoea kuwarudishia watu vitu vyao, na sasa alikuwa amempotezea huyu kitu kisicho na spea.

Wiki ya pili alibisha hodi kwenye chumba cha ushonaji, kompyuta kwapani.

"Msamaha nimeshauomba kwa meseji. Leo nimekuja uushone mpangilio."

"Unaumwa?"

"Shona gauni, kuanzia mwanzo. Mikono yako imezisikia nyimbo zile miaka sita, pengine inakumbuka."

Nusura amfukuze. Lakini gauni lilikuwa limeshakatwa, liko mezani, na hamu ya kuwa na dada yake tena ilimzidi nguvu. Akakalia cherehani. Mshono wa ubavu ulipoanza kukimbia, akajikuta anaimba. Fundi akaandika. Kwenye mkono wa gauni ukaja mwingine, akauimba huku analia, mguu haukuacha kukanyaga. Walikwenda hivyo mchana baada ya mchana, na siku ya nne, kwenye pindo, ukatoka wimbo wa arobaini na moja, wa mwisho.

Alizisikiliza zote kwa mpangilio, macho kayafumba.

"Ndivyo," alisema. "Ndivyo hasa alivyozipanga." Na hasira iliyokuwa imebaki ikamtoka.

Fundi akakohoa kidogo. "Nafasi ya arobaini na mbili iko wazi. Sijaigusa. Safari hii nauliza kwanza."

"Unauliza wimbo?"

"Nauliza ndoa, mpenzi. Wimbo utauchagua wewe."

Mshonaji alikata uzi kwa meno, bila haraka. Akavua futi shingoni mwake na kuinyoosha.

"Mimi na dada tulishona magauni tu," alisema. "Suti haijapata wimbo bado. Simama nikupime."