Msiba wa Mtu wa Theluji

Nguo ile ilikataa kukauka. Jua la Ifakara mwezi wa kumi na moja halimwonei mtu huruma. Khanga inakauka kabla hujamaliza kuanika ya pili. Lakini ovaroli lile nene la buluu lilishinda kambani likidondosha maji, na Yosefina alipokinga kiganja, tone lilimchoma kama njiti ya kiberiti. Maji yale yalikuwa ya baridi kuliko barafu ya wauza juisi.

Mumewe, Evod, alikuwa muuza mitumba sokoni. Belo aliloambiwa ni la masweta alilifungua akakuta nguo za watu wa nchi za theluji: hilo ovaroli lenye kofia, miwani mikubwa kama ya fundi wa kuchomelea, na viatu vya plastiki ngumu vyenye vifungo vya chuma. Wenzake walimcheka, wakamuuliza kama anakwenda kuwavisha wavuvi wa Kivukoni.

Aliyejua kazi ya vitu vile ni mzee Melkiori, mpishi wa zamani wa misheni, ambaye mapadri walimchukua mara moja akaone kwao Ulaya. Alikaa uani kwa Evod akasimulia. Kule, alisema, watu hupanda mlima wameketi kwenye viti vinavyoning'inia kwenye waya, hujifunga mbao ndefu miguuni, wakateleza mpaka chini wakicheka, kisha wakapanda tena. Huko juu hawafuati kuni wala asali. Ni raha tu. Na mara nyingine theluji hukatika mlimani, ikashuka na kumfukia mtu, naye anawasikia wenzake wakimwita. Mzee akageuza kofia ya ovaroli, akaonyesha doa jeusi kwa ndani, akasema taratibu kwamba mwenye nguo hii hakushuka kwa miguu yake.

Sasa, Evod alikuwa mtani, tena mtani hasa. Msiba ukiwafika watani zake, ni yeye aliyevaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake na kikohozi chake, akajilaza mlangoni watu wasipite, wafiwa wakacheka huku wanalia, mpaka wampe kuku ndipo avue. Melkiori ndiye aliyemfundisha. Basi siku ile mwili ulimwasha. Akavaa ovaroli na ubichi wake, akavaa miwani, akakaza vifungo vya viatu, akaserereka uani huku na huku, majirani wakashika mbavu.

"Marehemu, mimi ndiye mtani wako," akasema. "Wafiwa wako wapi? Sivui mpaka nipewe kuku wangu."

Yosefina alicheka mpaka akakaa chini. Melkiori hakucheka.

Vifungo havikufunguka tena. Yosefina alivuta, jirani akaleta bisibisi, bisibisi ikapinda. Wakajaribu kukata ovaroli kwa kisu. Kisu kikateleza kama kwenye kioo. Kisha, jua likiwa utosini na mbwa wamelala chini ya mikokoteni, kitu kikaserereka juu ya bati kutoka kileleni mpaka ukingoni. Shaaaa. Kimya. Halafu hatua nzito zikapanda, ko, ko, ko, na ikaja shaaaa nyingine. Yosefina akatoka kuangalia. Hapakuwa na mtu juu, ila mistari miwili myeupe imelala sambamba kwenye bati linalochemka, nayo haiyeyuki.

Ndani mlinuka chuma, mlinuka nyama ya friji. Majirani wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga. Evod alikuwa mkekani, midomo rangi ya majivu, meno yanagongana.

"Mama Balbina, wamenikalisha kwenye kiti," akamnong'oneza mkewe. "Tunapanda. Yuko ubavuni kwangu. Anasema nateleza vizuri."

"Nani, baba?"

"Mtani wangu."

Na kila sauti ile iliposhuka batini Evod aliruka kama mtu anayeporomoka, na kila hatua zilipopanda alizidi kupoa, mpaka pumzi yake ikawa inatoka nyeupe katika joto lile la kuchoma, kope zikashikana, na yeye, kwa sauti ya mtu aliye mbali sana juu kabisa, akaanza kusema kwamba theluji ya kilele imepasuka ufa, kwamba ufa unatembea, kwamba mwenzake anauona na anacheka, kwamba hawatapanda tena baada ya hapa.

Melkiori alisimama nje ya mlango, hakuthubutu kuvuka kizingiti.

"Mtani havuliwi na mganga," akasema chinichini. "Huvuliwa na mfiwa."

"Wafiwa wake hata hawaijui Ifakara. Nitamlilia mimi."

"Usikimbilie, mwanangu. Ukimlilia umesema ni wako. Na aliye wako humfukuzi."

Mkekani pumzi ikakatika. Yosefina hakungoja. Alijifunga khanga kiunoni, akajibwaga chini, akalia kama anavyoliliwa wa tumbo moja, kaka yangu, kaka yangu, umeniacha na nani. Kisha akakamata tetea wake, akamweka kifuani kwa Evod. "Mtani, pokea kuku wako. Zivue nguo za kaka yangu."

Vifungo vikafyatuka kimoja baada ya kingine. Mikononi mwa ovaroli ikamwagika theluji, tele, na Evod akavuta pumzi kama mtoto anayezaliwa.

Nguo walizizika ukingoni mwa jaruba, wakasimika msalaba, wakakaa matanga madogo. Bati likanyamaza. Evod akapata nguvu ya kula uji.

Siku ya kumaliza matanga, mchana, Yosefina alikuwa anapakua wali. Mvuke ukakatika ghafla, wali ukaganda sahanini.

"Hodi, dada."

Ilikuwa sauti ya kiume, kwa Kipogoro safi cha Mahenge, cha kwao Yosefina alikozaliwa. Alitaka kunyamaza. Lakini kaka akifika mlangoni kwa dada yake hanyimwi mlango, na mdomo wake ukajibu wenyewe kwamba karibu. Kigoda kikalia kama kilichokaliwa na mtu mzito.

"Shemeji yangu yuko wapi? Mtu na shemeji yake ni watani. Hatujamaliza."

"Amekwenda Mlimba," Yosefina akasema. "Leo harudi."

Nyuma ya pazia la chumbani, Evod akapiga chafya.