Oloo Hakutoroka

Wewe, ushawahi kusikia panya akilia ndani ya chuma ambacho hakijabeba panya hai kwa miaka mia?

Nafula alimsikia. Ilikuwa Julai 2014, saa saba mchana, bohari la maonyesho kule Lusail, Qatar. Alikuwa sekyu. Digrii yake ya historia, second upper, ililala ndani ya sanduku chini ya kitanda chake, mtaani Al Mansoura. Yeye na mwenzake Oloo walilinda nyambizi ya Waingereza ya 1907, iliyoopolewa baharini huku mabaharia wake kumi na watano wakiwa bado ndani, mifupa mitupu.

Kampuni iliwanyima askari chumba chenye AC. Basi kila adhuhuri mmoja aliingia kwenye nyambizi kulala, mwingine akamcover. Mle ndani kulikuwa na baridi. Hakuna aliyeuliza baridi hiyo inatoka wapi.

"Humo mna jini," dereva mmoja Mganda aliwaonya. "Aliye ndani, mwenzake asimkane. Akikanwa, ni wa jini."

Walicheka. Wasomi!

"Oloo, toka," Nafula alinong'ona siku hiyo, ameinamia mlango wa nyambizi. "Nanusa petroli."

"Petroli ya wapi, madam historian? Hii kitu ilikauka babu yangu akinyonya."

"Na hao panya?"

"Wacha ushamba, sista. Dakika kumi tu."

Lakini Nafula alikuwa amesoma. Nyambizi za enzi hizo ziliendeshwa kwa petroli, na mabaharia walibeba panya weupe: hewa ikiharibika, panya hulia kwanza.

Gari likafunga breki nje. Mudir, meneja wao! Askari akikutwa amelala, khalas, kazi imekwisha, anarudishwa kwao. Nafula akashusha kifuniko cha nyambizi, akasimama wima.

"Anyone inside?"

"No one, sir."

Chuma kikagongwa kutoka ndani. Mara moja, mara ya pili, polepole, kama watu wanaohesabiwa mmoja mmoja.

"Pipes," mudir akasema, akaenda zake.

Nafula akabaki akihesabu bila kutaka, kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano, kisha kimya, kisha pigo la kumi na sita, la haraka haraka, la kiganja na si la mfupa, na sauti ya Oloo ikimwita jina lake huku maji yakimjaa kooni, naye akavuta kile kifuniko hadi kucha zikang'oka na damu ikateleza kwenye chuma kilichokuwa baridi kama barafu.

Kilipofunguka, mlikuwa na kofia ya Oloo tu, imelowa maji ya chumvi. Panya walikuwa wamenyamaza.

Kampuni iliandika neno moja: absconded. Katoroka. Mama yake Oloo amesomewa neno hilo kwa simu.

Ninyi mlioliandika, njooni bohari saa saba mchana. Simameni, mhesabu wenyewe mpaka kumi na sita. Kisha lifuteni hilo neno, fungueni kile chuma, na mturudishie Oloo wetu!