Tundu la Mwisho la Bawa

"Ada yako ya laki moja na themanini hairudi," Mwalimu Venant alisema, "na cheti hupati. Saini, au nenda kwenu."

Teodora akamjibu kwamba haendi popote. Fedha ile aliichuma miaka miwili akipasua samaki wa sangara pale soko la Mwaloni, Kirumba, na hakuileta kwenye mafunzo ya ufundi wa ndege ili afukuzwe kwa kukataa kudanganya. Miezi sita alipiga tupa chuma mpaka viganja vikaota sugu, akajifunza kufunga boliti kwa waya, na hakuna zoezi lililomshinda. Lilibaki moja: bawa kuukuu la ndege lililowekwa katikati ya karakana, na tundu lake la mwisho, ambalo jicho halifiki ndani. Hapo fundi huingiza mkono mpaka kwapani, akapapasa kutafuta ufa, kisha akasaini kwenye kitabu cha mazoezi kwamba amepapasa.

Juzi aliingiza vidole vinne tu. Kitu cha uvuguvugu, chenye utelezi, kikavilamba kimoja kimoja, bila haraka. Akavichomoa, akakataa kusaini.

Shimba na wanafunzi wengine wawili walikuwa wameandika "safi" na kusaini bila kugusa.

"Dada Teo, andika tu," Shimba alimnong'oneza. "Nani atajua?"

Venant naye alikuwa amesaini chini ya majina yao kwamba amehakiki kwa mkono wake mwenyewe. Uongo mtupu. Hakuligusa tundu lile tangu alipolinunua bawa kwa wavuvi wa Nansio, waliolivua ziwani wakamweleza waziwazi kuwa lina mwenyewe. Alikuwa amepunguzwa kazini, kiinua mgongo chote amekimalizia kwenye karakana, akawacheka wavuvi na kulichukua.

"Basi tia mkono wewe, mwalimu," Teodora alisema. "Ukilikuta safi, nasaini sasa hivi."

Venant akakunja shati, akauzamisha mkono mpaka kwapani, akapapasa huku akimtazama Teodora kwa dharau, na ndipo harufu ikatoka tunduni, harufu ya matumbo ya samaki yaliyoshinda juani siku tatu, ikapanda mpaka ikakaa kwenye ulimi, na ndani ya bawa kukaanza kusikika kufyonza, polepole, kama mtu anayenyonya uboho mfupani, na majimaji ya kijivu yenye magamba yakachuruzika kifuani kwa mwalimu, mpaka Teodora alipomkamata kiunoni akavuta.

Wakaanguka wote wawili. Mkono ulitoka mzima, ngozi haina hata mkwaruzo, kucha zote zipo. Lakini ulijimwaga sakafuni, ukajikunja mahali pasipo na kiwiko. Teodora alikuwa ametoa mifupa ya samaki maelfu kwa maelfu. Ule ulikuwa mnofu mtupu.

Juu ya meza, kitabu cha mazoezi kikajifungua kwenye ukurasa wa majina. Unyevu mpana ukapita juu ya sahihi ya Venant, ukaifuta. Nafasi ya Teodora ilikuwa tupu, unyevu ukairuka. Sahihi za wale wanafunzi watatu zikabaki. Shimba, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaficha mikono kwapani.

Sauti ikatoka tunduni, ya chini, haina hasira.

"Wanne mmeandika kwamba mmetia mkono. Nimepokea mmoja. Nadai mitatu."