Jumatano ya Brussels

Shakwe wa Den Haag hawana adabu, na yule wa Jumamosi ile alikuwa na njaa pia. Alishuka kutoka juu ya kibanda cha samaki, akapita katikati ya watu waliojazana bandarini Scheveningen, akanyakua heringi mzima mkononi mwa mwanamume mrefu mwenye koti la mvua la buluu, akaenda zake. Mwanamume akabaki ameshika kipande cha kitunguu. Hakupiga kelele. Alikitazama tu kile kitunguu kana kwamba kitampa maelezo.

Wietske Hoornstra, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, alicheka hadi skafu yake ya manjano ikamteleza begani.

"Pole, bwana. Huku samaki huliwa chini ya paa."

"Hakuna aliyeniambia."

"Huku huambiwi mpaka uibiwe. Ndiyo karibu yetu."

"Basi nimekaribishwa."

"Shika huyu wangu. Ugeukie ukuta, kama mtoto aliyeadhibiwa."

Akageukia ukuta, akala. Utii ule ulimpendeza Wietske kuliko alivyotaka. Waliachana bila kuulizana majina.

Jumatatu asubuhi Wietske aliingia hotelini kumpokea mhandisi wa Kifini aliyefiwa na mke, pamoja na binti yake wa miaka kumi. Pale ukumbini kulikuwa na koti lile lile la buluu.

"Mama wa samaki," alisema mwenye koti.

"Mtoto wa adhabu," Wietske akajibu, kisha akamwona msichana anasikiliza, akajikohoza. "Karibuni Den Haag. Naitwa Wietske."

"Ilmari Kettunen. Huyu ni Tuuli."

"Baba amenisimulia habari za shakwe mara mbili," alisema Tuuli. "Kwa kawaida hasimulii kitu hata mara moja."

Kampuni ilikuwa na maabara katika miji miwili, Den Haag na Brussels, ikamwachia Ilmari achague. Jibu ilitaka kabla ya mwisho wa mwezi. Nyumba ingemtafutia, karo ya shule ya kimataifa ingelipa yenyewe, na Wietske angemtembeza kote kuwili alinganishe. Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya kwa miaka: kupokea watu wanaohamishwa, neno lile lile litumikalo kwa makabati.

Ukarimu wa namna hiyo aliujua vizuri. Alipokuwa na umri wa Tuuli, kiwanda cha karatasi ngumu kijijini kwao, huko Groningen kaskazini mwa nchi, kilifungwa kwa hotuba fupi na sahani ya keki. Baba yake aliambiwa achague, ahamie kusini na watoto wake au abaki na mikono mitupu. "Kila mahali ni pazuri," mkubwa mmoja aliwaambia akifuta midomo. Hakuna aliyemtembeza baba yake shuleni na mwavuli. Watu wale wale, chini ya jina jipya, ndio sasa waliomlipa Wietske awatembeze wahandisi. Alizipokea pesa zao wala hakuwasamehe. Na aliamua jambo moja: familia inayohamishwa haitadanganywa na yeye.

Shule ya Den Haag ilikuwa ya vioo, karibu na matuta ya mchanga, yenye bwawa la kuogelea na bendera nyingi mlangoni. Msichana wa Kikorea alipewa kazi ya kumwonyesha Tuuli madarasa.

"Usinizoee sana," alimwambia kwa upole. "Juni tunahamia Houston." Alisema kama mtu anayeelekeza choo kilipo.

Jioni simu zikaanza.

"Umelala?" aliuliza Ilmari.

"Niko kitandani na soksi. Sema."

"Sina la kusema."

"Sasa umepiga ya nini?"

"Nilitaka kunyamaza na wewe."

Wietske, ambaye kwao hata msibani watu husema wanachofikiri, alilala chali akisikiliza pumzi ya mwanamume kwenye simu, akashangaa kwamba hachoki.

Jumapili aliwaalika kwake kunywa kahawa. Alifungua kopo la bati, akampa kila mmoja biskuti moja, akalifunga.

"Ndiyo basi?" aliuliza Tuuli.

"Ndiyo basi. Kwetu kopo likifungwa limefungwa."

"Mpenzi," alisema Ilmari, "kwetu mgeni hula mpaka aone haya."

Lile neno la mwanzo lilikaa mezani pamoja na vikombe. Tuuli akaenda kutazama tramu dirishani, na alizitazama kwa bidii sana, hata zilipokuwa hazipiti. Jikoni Ilmari alimbusu Wietske akiwa bado ameshika kopo.

Wiki iliyofuata, Jumatano, walipanda treni kwenda Brussels. Wietske alikuwa amepanga kufika saa nane mchana katika shule ya kawaida ya mtaani, ya Kifaransa. Walikuta lango limefungwa kwa komeo, uani hamna hata mpira. Kutoka mtaa wa pili akaja bibi mwenye kikapu cha sokoni, anacheka kabla hajafika. Alikuwa Odile, Mbelgiji mzaliwa wa Liège, mama wa marehemu mke wa Ilmari.

"Jumatano mchana? Nani alikupa kazi hii, mwanangu? Huku Jumatano ikigonga saa sita mtoto ni wa nyumbani."

Wietske aliona aibu. Shule za kimataifa alizozizoea hazikumrudisha mtoto mapema Jumatano, maana makampuni hayaijui Jumatano. Alikuwa ameishi nazo mno hata akasahau kwamba yeye mwenyewe utotoni, siku hiyo, alikuwa nyumbani saa sita akila mkate wa siagi na baba yake.

Kwa kuwa shule haikuwepo, walikwenda sokoni Châtelain. Mvua ilikuwa ikinyunyiza. Mbele ya meza ya jibini Tuuli, ambaye hakuwa amesema Kifaransa tangu mama yake azikwe, aliinua kidole.

"Hicho kikubwa mno, bwana. Kata tena."

"Nikikata tena nitakuuzia kisu," alisema muuzaji.

"Basi punguza bei ya kisu."

"Una ulimi wa Liège, wewe mtoto. Nani kakufundisha?"

"Mama."

Odile aliinamia vitunguu vya majani akavichagua kwa muda mrefu. Ilmari alivua kofia, akaivaa tena. Wietske aliona yote, na moyo wake ukashuka, kwa sababu alikwishajua atakachoulizwa na atakachojibu.

Kesho yake waliiona shule yenyewe. Ilikuwa ndogo, ya matofali, ngazi zake zilinuka supu. Bwawa hakuna.

Ndani ya treni ya kurudi Tuuli alisinzia. Ilmari alizungusha kikombe cha karatasi.

"Wewe ungechagua mji gani?"

Angeweza kusema hajui. Ofisini kwake wangefurahi, maana familia ikichagua Brussels huwa ya tawi la huko. Na yeye angempata mtu wa kunyamaza naye.

"Brussels," alisema.

"Bila kufikiri?"

"Nimefikiri tangu jana sokoni."

"Sawa."

Antwerp ikapita, Rotterdam ikapita, na Ilmari hakuongeza neno. Ukimya huu haukufanana na ule wa simu. Wietske aliungoja uishe. Kwao asichokisema mtu hakipo, hivyo aliamini kwamba hakuna tena kitu kati yao. Kwenye stesheni Ilmari alimpa mkono, kama wanavyoagana watu waliouziana baiskeli.

Walihamia Brussels Agosti. Simu hazikuja. Wietske alizitembeza familia nyingine, na Jumamosi alikula heringi wake akiwa amegeukia ukuta.

Oktoba simu ililia akiwa anafungua baiskeli. Alikuwa Tuuli.

"Wietske, hutupendi?"

"Nani kasema?"

"Baba. Nilimuuliza kwa nini hakupigii. Akasema ulituchagulia mji usio na wewe."

Wietske aliketi kwenye ngazi, funguo mkononi.

"Baba yako aliniuliza habari za shule."

"Aliuliza mji. Mimi sikuwa nimelala."

Wietske aliweka funguo chini. "Jumatano mchana nani anakuchukua?"

"Bibi, lakini goti limemshika. Nasubiri kwa mlinzi. Kampuni haimwachii baba."

Uholanzi wengi wana siku yao ya kutokwenda kazini, nao huilinda kama mpaka wa shamba. Ya Wietske ilikuwa Ijumaa tangu aajiriwe. Alimwambia mkubwa wake kwamba sasa itakuwa Jumatano.

"Jumatano huichukua akina mama," alisema mkubwa. "Wewe una mtoto?"

"Sijaulizwa bado."

Jumatano iliyofuata alisimama langoni Brussels katikati ya mabibi na mikokoteni yao, amevaa gauni la rangi ya zabibu na skafu ile ya manjano. Koti la buluu lilikuwa limefika kabla yake.

"Kampuni inadhani niko kwa daktari wa meno," alisema Ilmari. Kisha akauliza, "Umeleta familia gani?"

"Nimefuata yenu."

Ilmari akageukia lango.

"Usininyamazie leo, Ilmari. Uliniuliza mji, nikakujibu mji wa Tuuli. Baba yangu alihamishwa na watu waliosema kila mahali ni pazuri. Nisingekudanganya ili nikupate."

"Nilidhani unanifukuza."

"Mholanzi akikufukuza utajua. Atakuletea koti lako."

Ilmari alicheka kwa mara ya kwanza tangu kiangazi, akatazama viatu vyake.

"Sasa niulize lile jingine," alisema Wietske.

Kengele ililia. Watoto wakaanza kumwagika uani.

"Utakaa na sisi? Jumatano."

"Jumatano tu?"

"Naanza na ile ambayo kampuni haitapewa tena."

"Nitakaa. Hizo nyingine tutawanyang'anya polepole."

Tuuli aliwaona, akaacha kukimbia, akaja kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Waliketi watatu kwenye benchi lililolowa. Wietske akatoa mkobani kopo la bati. Tuuli akachukua biskuti moja, akalisogeza kopo kwa mwenyewe, akangoja lifungwe.

Wietske alikitia kifuniko peke yake mkobani, akafunga zipu.