Abiria wa Nne

Alhamisi hiyo ilianza vizuri tu. Fundi cherehani alikuwa dukani kwake, ramani imetandazwa juu ya meza ya kukatia nguo, rafiki zake wawili wameegemea huku na huku wakibishana. Nchi tano kwa treni, wiki tatu. Mwalimu alitaka walale humohumo ndani ya treni ili waokoe hela za hoteli. Muuguzi alisema mgongo wake haujaajiriwa kwa kazi hiyo.

Fundi alicheka, lakini sharti lake lilikuwa lilelile.

"Mimi lazima nirudi kabla binti yangu hajajifungua. Nimemwahidi."

Baba wa mtoto alishaingia mitini, na binti hakuwa na mtu mwingine.

Safari walikuwa wameshailipia, na hapo ndipo walipokosea. Tiketi ya kundi ilikuwa karibu nusu ya bei, ila ilitaka watu wanne, nao walikuwa watatu. Wa nne wao, waliyemwita Kiguu na Njia, ndiye aliyeanzisha wazo lote hili, akafariki mwaka jana kabla hata ya kufunga begi. Pasipoti yake ilibaki kwenye droo ya fundi, kwa sababu fundi alikuwa akiwashonea wote vimfuko vya pasipoti vya kuvaa shingoni. Kimfuko cha marehemu, chenye uzi wa kijani, fundi alimvisha kwa mkono wake mwenyewe siku ya maziko.

"Tumjaze yeye awe wa nne," mwalimu alikuwa amesema. "Nani atajua?"

Fundi alikubali shingo upande.

Mchana wakaenda stesheni kuchukua tiketi. Mkata tiketi alipekua daftari lake, akawatazama.

"Mbona mwenzenu ameshazichukua? Amekuja asubuhi."

"Mwenzetu yupi?" aliuliza muuguzi.

"Huyu wa nne. Mwembamba, ana kimfuko shingoni." Akashusha sauti. "Hata za kurudi amezibadilisha. Amesema mtarudi wawili."

"Wawili nani?" fundi alinong'ona.

Mkata tiketi alisoma jina la mwalimu. Akasoma la muuguzi. Akafunga daftari.

Fundi aligeuka akaondoka mbio. Hakuaga mtu. Alifika dukani akihema, akafungua droo kwa ufunguo ambao alikuwa nao yeye peke yake. Pasipoti ya marehemu haikuwapo. Mahali pake palikuwa na kimfuko. Uzi wa kijani. Kimelowa, kina udongo kwenye mishono. Ndani yake mlikuwa na pasipoti. Ilikuwa yake fundi, ile aliyoiacha nyumbani asubuhi. Aliifunua. Ilikuwa imepigwa muhuri wa kutoka nchini, wa tarehe ya Jumamosi, siku ya safari, ambayo ilikuwa bado haijafika.

Hawakusafiri. Jumamosi asubuhi walijifungia dukani wote watatu, mlango umekomewa, wameshikana mikono. Fundi alijiambia kwamba asipopanda, hawezi kukosa kurudi. Saa nne, saa ya treni kuondoka, simu yake ikalia. Alikuwa binti.

"Mama, nilikuja stesheni kukuaga, nikakuta treni inaondoka. Umenipungia mkono dirishani mpaka nimelia. Ila huyo uliyekaa naye... si alifariki?"

"Mwanangu, mimi nipo dukani. Sijaenda popote."

Kisha binti akanong'ona.

"Hiyo si sauti ya mama yangu."

Akakata.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Bibi yake alikuwapo, kama alivyoahidi, ila hadi leo hajaruhusiwa kumbeba. Mbele za watu binti humwita mama. Wakibaki wawili humtazama tu, mtoto kamkumbatia kifuani, na huuliza swali lilelile: mama yangu atarudi lini? Fundi huumia, hulia. Ile pasipoti bado anayo. Jina ni lake, tarehe ya kuzaliwa ni yake, muhuri haujafutika. Mahali pa picha ni peupe.