Aliyefungua Fundo la Mtoni

Jioni ile Léonard aliporudi kutoka mtoni alivua koti, akavuta kiti chake cha mbao karibu na jiko la makaa, akakalia maji.

Hayakuwa maji ya kumwagika. Kiti kilikuwa kimelowa hadi ndani ya mbao, nacho kilinuka tope, lile tope jeusi la chini ya matete. Suruali ilimgandama na baridi ikampanda mgongoni.

"Laurentine! Nani alimwanga mayi pa kiti yangu?"

Mke wake alikuwa anasonga bukari. Alijibu bila kugeuka, maana katika nyumba ile aliyegeuka haraka alipata maneno ya kumtosha wiki nzima. "Hakuna muntu, baba Edith. Kiti ile hakuna mwenye anaikalaka, ila weye."

"Basi kiti ilienda kuoga yenyewe?"

Akala amesimama, akinung'unika, na hakuuliza tena. Hilo ndilo linaloniudhi kwa watu wa hasira: huuliza kwa kelele, halafu hawangoji jibu.

Hata hivyo hasira yake ilikuwa na chanzo, na tumpe haki yake. Miaka ya hamsini ilikuwa imeanza tu. Kenya, mtaa wao pale Élisabethville, ulikuwa na nyumba mpya, kuta bado zanuka chokaa, na watu wa reli, wa kiwanda na wa majikoni kwa Wazungu wote walikuwa na Jumapili moja na mto mmoja. Sehemu nzuri ya mto wa Lubumbashi, penye bwawa na kivuli, Wazungu walijitwalia, wakaweka mashua zao na polisi wa kufukuza watu. Mzungu mmoja ameketi pale na kiti cha turubai, nafasi ya watu mia imemzunguka bure! Upande wa kiwanda cha shaba maji yalikuwa na rangi ya kutu, hata chura hakai. Kilichobaki ni kipande cha katikati. Hapo, baada ya misa, watu walisongamana bega kwa bega, nyuzi zinashikana, ndoano ya huyu inanasa kofia ya yule, walevi wa lutuku wanaimba. Samaki gani atakuja kwenye ngoma ya namna hiyo?

Kwao Léonard, kaskazini kando ya Luvua, mtu aliyechagua mahali pa kuvulia alishika mashada mawili ya majani ya ukingoni akayafunga fundo. Basi. Fundo lile lilisema hapa pana mwenyewe. Hata mwenyewe awe mgonjwa, hata awe amekwenda kuzika, hakuna aliyeligusa. Hapa mjini alifunga mafundo yake vilevile, na kila Jumapili alikuta yamefunguliwa na jirani yake Clovis ameketi pale pale, anatafuna karanga.

"Clovis, haukuona fundo yangu?"

"Niliona majani," Clovis alijibu akicheka. "Sasa majani inaandikaka jina? Hapa ni Élisabethville, ndugu, haiko ku mugini kwenu."

Ukingo mzima ukacheka. Kicheko kile kilimkaa Léonard kooni kama mwiba wa samaki.

Ndipo akaanza kutafuta mahali pasipo watu. Alisukuma baiskeli kandokando ya mto akisoma ukingo. Penye majivu na maganda ya karanga alipita. Penye nyasi zilizolazwa na makalio alipita. Alitafuta pasipo njia, mahali ambapo mdiria anavua bila kushtuka na povu linazunguka polepole, maana chini yake pana shimo. Mwishowe, ng'ambo ya matete mapana, akapapata: kona ya mto, maji meusi yametulia, kambale wanapanda kuvuta hewa mmoja baada ya mwingine. Hapakuwa na unyayo wala kipisi cha sigara.

Na katikati ya ukingo palikuwa na fundo.

Mashada mawili, mabichi, yamefungwa vizuri kuliko alivyojua kufunga yeye. Aliyeyafunga hakuacha alama ya mguu katika tope. Msiniambie Léonard hakuliona hilo. Aliliona. Alisimama, moyo ukamwambia geuka, kisha akakumbuka kicheko cha Clovis. "Yangu waliheshimu?" akasema kwa sauti, akalifungua, akaketi juu yake. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Alirudi nyumbani na kambale mnene, na jioni hiyo ndiyo aliyokalia maji.

Jumapili iliyofuata fundo lilikuwa limefungwa tena. Akalifungua. Likafungwa. Akaja na panga, akalikata, akafyeka na majani yote ya ukingo huku akimtukana mwenyewe ambaye hamjui, na mama yake, na ukoo wake wote.

Nyumbani maji yakahama. Yalitoka kwenye kiti yakaingia kitandani, upande wa Léonard tu, alama ya mtu mzima aliyelala chali. Upande wa Laurentine ulibaki mkavu. Na mchana, jua likiwa utosini na Léonard yuko karakana ya reli, Laurentine alisikia baiskeli ikiegemezwa ukutani, kisha mtu akakohoa kikohozi cha mumewe, na kikohozi kile kikapita kwenye mlango ambao haukufunguka, kikaenda hadi kwenye kiti, kiti kikalia jinsi kinavyolia mtu mzito akikikalia, chumba kikajaa harufu ya matete yaliyooza, naye akabaki amesimama na mwiko mkononi, asithubutu kugeuka, kwa kuwa alijua akigeuka leo hataona mtu, na alijua pia kwamba iko siku atageuka na atamwona.

Alimwambia mumewe kwa kunong'ona, mtoto Edith amelala mgongoni mwake. "Baba Edith, iko mwenye anaingiaka humu. Saa ya muchana. Hasemi kitu. Anaikala tu fasi yako."

"Mwanaume?"

"Anakohoa sawa weye."

Léonard akainama kutazama kiti. Kwenye mguu mmoja palifungwa majani ya mtoni, mashada mawili, fundo zuri. Mwingine angeogopa. Yeye alikasirika. Nani mwingine mjini pale alijua habari ya mafundo yake? Akatoka hivyohivyo, akamkuta Clovis mbele ya nyumba anatengeneza mnyororo wa baiskeli, akampiga ngumi ya mdomo kabla hata ya kumsalimu.

"Unaingia kwa muke wangu! Unanifuata mpaka nyuma ya matete, na sasa unaingia kwa muke wangu!"

Clovis alitema damu. Hakurudisha ngumi. Sauti yake ilishuka, na macho yakamtoka. "Nyuma ya matete? Weye unavuaka kule? Léonard, kule hatuendake. Hakuna muntu. Uliona fasi ya muzuri, samaki mingi, bantu hakuna, na haukujiuliza juu ya nini?"

"Mbona hamukuniambia?"

"Weye unasalimiaka bantu?"

Kesho yake Laurentine aliamka na fundo kwenye kifundo cha mkono. Majani mabichi, yanachuruzika maji. Halikufunguka kwa vidole wala kwa meno. Lilikatwa kwa kisu, na ngozi ya chini yake ilikuwa imenywea kama ya mtu aliyefua nguo siku nzima.

"Alifunga kiti," alisema akiusugua mkono. "Alifunga kitanda. Sasa ni miye. Nikiisha kuwa wake, weye utakuwa nani humu? Na Edith atamwita nani papa?"

Kwa mara ya kwanza Léonard aliogopa, na kwa kuwa alichukia kuogopa, alipiga teke ndoo.

Wakamwendea Mwalimu Kasimu, fundi wa kushona kanzu na kofia, Mwislamu wa Maniema aliyejua kuwasomea watu wenye majini. Wakristo wengi walimwendea kwa siri, padri asijue. Alikuja, akafika kizingitini, akanusa, akakataa kuingia. Alizungumza nao palepale mlangoni.

"Huyu ni jini ya mayi. Na miye siwezi kumufukuza. Tunafukuzaka mwizi. Humu mwizi ni weye, Léonard."

"Miye mwizi?"

"Ona, hasira imeshapanda. Sikia, baba. Ulikula fasi yake, na yeye anakula yako. Kesho asubui uende, ufunge majani vile uliikuta, upige magoti, useme: unisamehe, fasi ni yako. Na sauti ya chini. Akikutukana, unyamaze. Akikucheka, unyamaze. Ukikasirika, umeisha." Kisha akamgeukia Laurentine. "Na weye mama, akiisha kutoka, ufunge mulango. Mwenye atarudi na roho ya kutulia, umufungulie, ule ni bwana yako. Mwenye atapiga mulango na makelele, hata akuite na jina, usifungule. Ile ni jini, anakuya na hasira yake."

Alfajiri Léonard alikwenda. Ilikuwa majira ya baridi, ukungu umelala juu ya mto hata maji hayaonekani. Alitundika koti kwenye usukani, akapita kwenye matete, akapata majani machache yaliyosalimika na panga lake, akayafunga. Akapiga magoti. Haya, nasema mtu huyu alijaribu. "Unisamehe," alisema kwa sauti ya chini, na ukungu ukanyamaza kumsikiliza, na hata kambale wakaacha kupanda. Bado neno moja tu, kusema fasi ni yako.

Ndipo akasikia kicheko mgongoni pake. Kilikuwa kicheko cha Clovis, na nyuma yake kicheko cha ukingo mzima wa Jumapili, wanaume na watoto na walevi, na sauti moja ikasema polepole, kama mtu anayetafuna kitu, "Niliona majani," na Léonard aliyaona yote kwa pamoja, mzungu kwenye kiti cha turubai, polisi na fimbo yake, nyuzi zilizokatwa, karanga, maji kitandani kwake, mkono wa mke wake ulionywea, na akainuka kutoka magotini akaling'oa fundo alilolifunga mwenyewe, akalitupa majini akipiga kelele kwamba fasi ni yake, yake, aliitafuta kwa miguu yake, na wote wanaocheka wafe, walio hai na wasio hai, mpaka tope likamtelezesha na akazama hadi kifuani.

Kicheko kikakoma. Hakuna kilichomshika miguu, hakuna kilichomvuta chini. Alitoka peke yake, amejaa tope, matete yamemnasa nywele. Alipofika pale alipoacha baiskeli, baiskeli haikuwepo, wala koti. Katika udongo laini palikuwa na alama ya magurudumu yanayoelekea mjini, na hapakuwa na nyayo za aliyeipanda.

Alikimbia. Watu walimpisha njiani wakaziba pua. Alipofika mtaani Kenya jua lilikuwa juu kabisa. Baiskeli iliegemea ukutani, maji yanadondoka kwenye spoki. Mlango umefungwa. Ndani, samaki alikuwa anakaangwa, na mtu akakohoa.

"Laurentine! Fungula!"

Kisha akamsikia mke wake akinong'ona, kwa woga wa mtoto mdogo: "Baba Edith, kule inje kuko mwenye anaita na sauti yako."

Na sauti yake mwenyewe ikajibu, yake kabisa, ila ilikuwa pole, pole kuliko alivyowahi kusema yeye na mtu yeyote. "Wacha tu, mama Edith. Atachoka."

Hapo angeweza kukaa chini. Angeweza kulia. Angeweza kumwita mkewe kwa upole, jina lake tu, na nadhani angefungua. Lakini Léonard alipiga mlango kwa ngumi, kwa teke, kwa kichwa. Alimtukana Laurentine, akawatukana waliomzaa, akasema atawaua wote waliomo ndani. Kila tusi lilikuwa lake la siku zote, na kila tusi lilimfunga nje zaidi. Majirani wakatoka. Clovis akaja na fimbo, mdomo bado umevimba. Mwalimu Kasimu akaja mbio na bakuli la maji aliyoyasomea, akammwagia usoni.

"Kasimu, ni miye! Unitazame! Ni miye!"

Mwalimu alimtazama. Aliona tope, macho mekundu, povu mdomoni. "Nilisema atakuya hivi," akawaambia watu. "Rudia kwako! Rudia ku mayi!"

Wakampeleka kwa fimbo na mawe, hadi nyumba ya mwisho, hadi mashambani, hadi kwenye matete. Wananiudhi wanaosema eti watu wale walidanganywa. Nani aliwadanganya? Walimwona waliyemjua siku zote, na hakuna hata mmoja aliyejisikia kumtetea. Wavuvi wa Jumapili wanasema upande ule husikika mtu akitukana majini, na hakuna anayekwenda kuvua huko.

Kelele zilipoisha, Laurentine alipakua bukari na samaki, akampelekea mumewe. Vidole vilivyopokea sahani vilikuwa baridi, baridi ya chini ya maji, na ngozi yake imenywea. Akavihisi. Akatazama mlango.

"Asanti, mama Edith," yule aliyeketi akasema. "Uikale na weye, ukule. Ulichoka."

Tangu aolewe hakuna aliyewahi kumwambia maneno hayo. Laurentine alimtoa mtoto mgongoni, akamweka kwenye mkeka, akaketi, akala naye.